Nyundo ya Dalali na Picha ya Wakfu

Kumezuka katika zama zetu kauli ambayo husemwa kwa sauti ya busara, na kwa sababu hiyo hupokewa bila kuulizwa jina wala kwao. Kauli hiyo yasema kwamba picha iliyopanda bei haiwezi tena kukaa mahali pa watu wadogo. Kwamba thamani yake ikipita kiasi fulani, mahali pake pa haki ni nyumba ya tajiri au ghala yenye ulinzi, na wale waliokuwa wakiitazama kila siku yawapasa kushukuru wapewapo fedha badala yake. Nimeisoma katika majarida ya sanaa, nimeisikia katika mihadhara, na, jambo linisikitishalo zaidi, nimeanza kuikuta katika insha za wanafunzi wetu, ikiwa imevaa kilemba cha elimu. Nakusudia kuipinga. Sitaipinga kwa maneno ya jumla, maana kwa maneno ya jumla kila mtu ni mpenda sanaa. Nitaipinga kwa habari za mji mmoja na, zaidi ya yote, za picha moja.

Mji wenyewe ni Chicago, mji wa ziwa na reli katika majimbo ya katikati ya Marekani, na katika uchoraji si mji mnyonge. Una Art Institute, iliyoasisiwa mwaka 1879; una Museum of Contemporary Art, iliyoanzishwa mwaka 1967; una nyumba za biashara ya picha katika mitaa ya River North na West Town; na tangu mwaka 2012 una soko kubwa la picha, EXPO CHICAGO, katika gati la Navy Pier. Mgeni apitaye humo ataona picha nyingi nzuri, na kando ya picha ataona maandishi mengi yasiyoeleweka. Hilo la pili lastahili makala yake peke yake, leo nitaliacha.

Mchoraji ninayetaka kumtaja ni Kerry James Marshall. Alizaliwa Birmingham, katika jimbo la Alabama, mwaka 1955, akahamia Chicago mwaka 1987. Watu wa picha zake ni weusi wa wino, weusi usiopunguzwa ukawa wa kahawia ili kumridhisha mtazamaji; naye huwaweka mahali ambapo wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi waliwaweka watu wa kwao tu: bustanini, chumbani, kando ya maji. Huwaweka pia mahali ambapo wachoraji hao hawakupajua kamwe, kama katika duka la kinyozi. Mwaka 1995 picha yake iitwayo Knowledge and Wonder, yaani Elimu na Ajabu, ilitundikwa katika maktaba ya umma ya Legler, mtaa wa West Garfield Park, upande wa magharibi wa mji, mtaa wa watu weusi na mmoja wa mitaa maskini ya Chicago. Fedha zake zilitokana na sheria ya mji ya mwaka 1978 iliyoamuru kwamba asilimia 1.33 ya gharama ya majengo ya umma itengwe kwa sanaa. Mchoraji alilipwa dola 10,000.

Picha hiyo ni kubwa, kama futi 10 kwenda juu na futi 23 kwa upana. Ndani yake watu weusi, wakubwa kwa wadogo, wametugeuzia visogo. Wanatazama vitabu vilivyowazidi kimo, na nyuma ya vitabu hivyo ulimwengu umefunguka. Wala mchoraji hakuichora kwanza kisha akaitafutia ukuta. Aliichora kwa ajili ya chumba hicho. Mtoto aliyeketi chini yake na kitabu mkononi alikuwa, pasipo kujua, mmoja zaidi katika safu ya wale watazamao. Ondoa maktaba, na picha yabaki nusu. Jambo hili halimo katika hesabu ya dalali, kwa kuwa dalali hupima turubai, na turubai haina chumba.

Mwezi Oktoba 2018 meya wa Chicago wakati huo, Rahm Emanuel, alitangaza kwamba picha itaondolewa Legler na kuuzwa na Christie's huko New York. Ilikadiriwa kuleta dola milioni 10 hadi 15. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kipumbavu, nami sitamtendea mpinzani wangu kama mpumbavu. Ilisemwa kwamba fedha zitaipanua Legler yenyewe, maktaba iliyofunguliwa mwaka 1920 na iliyokuwa na cheo cha maktaba kuu ya upande wake wa mji kabla ya kushushwa. Kwamba itarudishiwa cheo chake, na sanaa nyingine itatengenezwa kwa ajili ya umma. Nani asiyetaka maktaba kubwa zaidi katika mtaa maskini? Picha moja ikigeuka vyumba, vitabu na saa za kufungua, mhesabu yeyote atasema biashara hiyo ina faida.

Lakini na tuulize swali ambalo mhesabu hakuliuliza: kwa nini picha hii, na kwa nini maktaba hii? Art Institute ya mji huo huo ina American Gothic ya Grant Wood, yule mkulima na uma wake pamoja na mwanamke wenye nyuso kavu, ambayo ilinunuliwa mwaka 1930 kwa dola 300. Sijui thamani yake ingefikia wapi mnadani leo, na hakuna ajuaye, maana hakuna anayethubutu kuuliza. Ina vilevile picha ya Georges Seurat ya watu wakipumzika Jumapili katika kisiwa cha Grande Jatte, iliyofika humo mwaka 1926. Hiyo ilitoka Chicago mara moja tu, mwaka 1958, kwenda kuonyeshwa New York. Huko moto ukawaka katika jengo, picha ikaokoka, na tangu siku hiyo haijaazimishwa tena. Yaani mji uliokataa kuiazima picha ya Mfaransa hata kwa mwezi mmoja ulikuwa tayari kuiuza ya jirani yake milele. Nikijibiwa kwamba Art Institute ni taasisi yenye bodi yake na si mali ya meya, nitakubali. Basi na tutoke nje, twende uwanja wa Daley, ambako limesimama sanamu la chuma la Picasso tangu mwaka 1967. Picasso alikataa malipo, akawapa watu wa Chicago kama zawadi. Marshall mwenyewe, habari za mnada zilipomfikia, alisema kwa kejeli kwamba hapana shaka mji ungepata fedha nyingi zaidi kwa kuliuza sanamu hilo. Hakuna aliyelitilia maanani, kwa sababu kila mtu wa Chicago ajua kwamba sanamu la Picasso haliuzwi. Hapo ndipo siri ya kauli ninayoipinga ilipo. Haisemi kwamba vitu vya thamani viuzwe. Yasema viuzwe vilivyo mikononi mwa wasio na sauti.

Lugha yetu ina neno linalofaa hapa kuliko maneno ya magazeti ya sanaa, nalo ni wakfu. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Kisima cha wakfu, shamba la wakfu, nyumba ya wakfu: asili yake imefungwa isiuzwe, na manufaa yake yameachiliwa kwa watu. Msimamizi wa wakfu ana mamlaka makubwa: aweza kukarabati, aweza kuajiri, aweza kufukuza wezi, lakini hana mamlaka ya kusema, kisima hiki kimekuwa na maji matamu mno kwa watu wa mtaa huu, nitakiuza niwanunulie ndoo. Najua kwamba baadhi ya wanazuoni wameacha mlango mwembamba wa kubadili wakfu uliobomoka na kukosa manufaa. Picha ya Legler haikubomoka. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba mchoraji wake alikuwa amepata sifa.

Na sifa hiyo aliipataje? Mwaka 2016 Museum of Contemporary Art ya Chicago ilifungua onyesho kubwa la kazi za Marshall lililoitwa Mastry, ambalo baadaye lilikwenda New York na Los Angeles. Baada ya hapo bei zilipaa. Mwezi Mei 2018 mamlaka ya umma inayosimamia ukumbi wa mikutano wa McCormick Place iliuza kwa Sotheby's picha yake Past Times, ambayo iliinunua mwaka 1997 kwa dola 25,000. Iliuzwa kwa dola milioni 21.1. Past Times ni picha ya familia ya watu weusi wakistarehe kando ya maji. Wanacheza, wanasikiliza muziki, mashua yapita nyuma yao. Na aliyekwisha kuiona Jumapili ya Seurat hatakosa kutambua kwamba mchoraji wa Chicago anazungumza nayo. Picha mbili hizo zilikuwa katika mji mmoja, kando ya ziwa moja. Mwanafunzi angaliweza kwenda kwa miguu kutoka kwa moja hadi kwa nyingine. Siku hizi moja tu ndiyo iliyobaki.

Wengine husema: je, si heshima kwa mchoraji, kazi yake kufikia bei hiyo? Hapa yafaa tuitazame daftari. Katika sheria za Marekani mchoraji hana fungu lolote picha yake iuzwapo mara ya pili. Jimbo la California lilijaribu kumpa fungu kwa sheria ya mwaka 1976, na mahakama ya rufani ikaiondolea sheria hiyo karibu nguvu zake zote mwaka 2018. Uingereza humpa tangu mwaka 2006. Kwa hiyo katika zile dola milioni 21 hakukuwa na haki ya Marshall hata senti moja. Heshima hiyo ni ya ajabu: mwenye kuheshimiwa huambulia habari zake gazetini. Na kabla mambo haya hayajatokea, mwezi Desemba 2017, Marshall alikuwa ameupa mji mchoro mkubwa wa ukutani, Rush More, katika jengo la Chicago Cultural Center, wenye sura za wanawake 20 waliokuza utamaduni wa Chicago, miongoni mwao mshairi Gwendolyn Brooks na Oprah Winfrey. Ujira wake ulikuwa dola 1. Haukupita mwaka kamili kabla ya mji huo huo kuitia picha yake nyingine katika orodha ya mnada.

Nadhani uhodari wa kauli hii watokana na kusahau jinsi uchoraji wa Chicago ulivyozaliwa. Mtu asomaye orodha za minada aweza kudhani kwamba wachoraji huota katika nyumba za biashara kama uyoga baada ya mvua. Sivyo. Mwaka 1940 ilifunguliwa South Side Community Art Center, katika nyumba ya zamani ya barabara ya South Michigan, kwa msaada wa mpango wa serikali wa kuwapa wasanii kazi katika miaka ile ya dhiki. Mwaka uliofuata Eleanor Roosevelt alikuja kuizindua rasmi. Lakini serikali haikununua nyumba. Nyumba ilipatikana kwa michango, na Margaret Burroughs, wakati huo akiwa msichana mchoraji, alisimama njiani akikusanya sarafu za senti 10 kutoka kwa wapita njia. Humo wakapita Charles White na Archibald Motley, ambao leo picha zao hutundikwa katika kumbi kubwa. Burroughs huyo huyo mwaka 1961 alianzisha nyumbani kwake makumbusho ya historia ya watu weusi, ambayo sasa huitwa DuSable. Nyumba ya South Michigan ingali imesimama, na maonyesho yangali yakifanywa ndani yake.

Mwaka 1967, mwaka ule ule wa sanamu la Picasso, kikundi cha wasanii weusi walipaka rangi ukuta wa jengo bovu katika kona ya barabara ya 43 na Langley. Walichora Malcolm X, Muhammad Ali, Nina Simone, Du Bois, Gwendolyn Brooks, na mashujaa wengine, wakauita Wall of Respect, yaani Ukuta wa Heshima. Hakukuwa na kiingilio. Hakukuwa na katalogi. Wakazi wa mtaa waliulinda ukuta, na wageni waliukuta umezungukwa na washairi na wapiga muziki. Moto uliunguza jengo mwaka 1971, likavunjwa. Na walakini kutokana na ukuta huo ziliota kuta nyingi za picha katika miji ya Marekani, na baadhi ya wachoraji wake waliunda mwaka 1968 chama cha AfriCOBRA, ambacho kazi zake makumbusho ya leo huzigombea. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuitazama habari hii kwa jicho la karibu, kwani katika mzunguko wa wasanii hao lugha yetu ilikuwa bendera: mshairi Don L. Lee, aliyekuwa miongoni mwao, ndiye ajulikanaye tangu miaka ya 1970 kwa jina la Haki Madhubuti, na kikundi cha maigizo cha Val Gray Ward, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1968, kilijiita Kuumba. Walichagua maneno hayo mbali sana na Mombasa na Dar es Salaam, na hawakuyachagua kwa ajili ya soko.

Wala jambo hili si la wachoraji weusi peke yao. Wale sita waliojiita Hairy Who, vijana wa kizungu wenye picha za vituko na rangi kali, walionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1966 katika Hyde Park Art Center, nyumba ndogo ya jirani. Art Institute iliwafanyia onyesho lao kamili mwaka 2018, baada ya zaidi ya miaka 50. Ndiyo kusema kwamba nyumba kubwa huvuna, na nyumba ndogo hupanda. Siilaumu nyumba kubwa kwa kuvuna. Ninachokataa ni kumsikia mvunaji akimshauri mpandaji auze shamba.

Nimekwisha kusikia jibu la mwisho la wapinzani wangu, nalo ndilo zito kuliko yote, ambalo ni Detroit. Mji huo, usio mbali na Chicago, ulifilisika mwaka 2013, na wadai wakaikodolea macho Detroit Institute of Arts, ambayo picha zake nyingi zilikuwa mali ya mji. Upande mmoja walikuwapo wazee wastaafu waliokuwa wakingoja pensheni zao. Upande mwingine zilikuwapo picha. Je, mtu aweza kumtazama mzee aliyezima mioto ya mji kwa miaka 30 akamwambia kwamba turubai ni bora kuliko mkate wake? Siwezi kumwambia hivyo. Lakini tazama lililotokea. Mwaka 2014 mifuko ya hisani, serikali ya jimbo na makumbusho yenyewe walichanga ahadi za zaidi ya dola milioni 800 kusaidia pensheni, na picha zikahamishiwa katika mikono ambayo mdai wa mji hawezi tena kuifikia. Wastaafu walipunjwa bado, na hilo lisifichwe. Hata hivyo fedha zilizokuwa zimesemwa hazipo zilipatikana mara tu ilipojulikana kwamba picha haziuzwi. Ikiwa mji uliofilisika uliweza kupata njia, mji ambao haukufilisika, kama Chicago ya mwaka 2018, ulikuwa na udhuru gani? Maktaba hujengwa kwa kodi. Mtaa wa matajiri haukuambiwa uuze kitu ndipo ufunguliwe maktaba yake siku zote za juma.

Nawageukia sasa wenzangu wa vyuoni. Twafundisha wanafunzi kuandika juu ya maonyesho, na wanafunzi hutuletea insha ambamo bei hutajwa kabla ya rangi. Huandika kwamba mchoraji fulani ni muhimu kwa kuwa picha yake imeuzwa mara 20 ya makisio. Hawakuzaliwa wakiandika hivyo, wameiga. Mwandishi wa sanaa aanzaye na bei amekwisha kuwa karani wa dalali, na ubaya zaidi ni karani asiyelipwa. Mwanafunzi wangu akiniletea habari ya picha, kwanza nataka kujua imetundikwa wapi, nani hupita mbele yake, saa ngapi mlango hufunguliwa, na kama mtoto asiye na nauli aweza kufika. Maswali hayo si ya nje ya sanaa. Marshall aliyajua alipoichora picha ya Legler, na yeyote asiyeyauliza hatajua kwa nini watu wa picha hiyo wametugeuzia visogo.

Mwanzoni mwa Novemba 2018, baada ya mchoraji na watu wengi wa Chicago kulalamika, meya aliiondoa picha katika mnada, siku chache tu kabla ya nyundo kugonga. Hakulazimishwa na sheria, alibadili nia. Na nia iliyobadilika mara moja yaweza kubadilika mara ya pili chini ya meya mwingine, kwa sababu nyingine yenye sauti ya busara. Kwa hiyo nasema kwamba picha zilizonunuliwa kwa ile asilimia 1.33, na zote za namna yake katika miji mingine, zifungwe kwa sheria kama wakfu: zikarabatiwe, ziazimishwe, zihamishwe jengo likibomoka, lakini zisiuzwe. Kuziazima si kuzidhulumu. Mwaka 2025 Knowledge and Wonder ilivuka bahari ikaenda London, kuonyeshwa katika Royal Academy pamoja na kazi nyingine za Marshall, na wageni wa London walioitazama waliazimiwa na maktaba ya umma iliyoko nambari 115, barabara ya South Pulaski, Chicago.